Ferdinand Cohn na Bakteria Wanaolinda Mizizi

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo ina hekima yake, lakini ikiingizwa katika somo la sayansi hupotosha. Aghalabu mwanafunzi humaliza shule akiamini kuwa kila bakteria ni adui wa kuangamizwa. Maisha ya Ferdinand Cohn yanatufunza vingine.

Cohn alizaliwa mwaka wa 1828 mjini Breslau, uliokuwa chini ya Prussia na ambao leo ni Wrocław, nchini Poland. Alikuwa na kipaji cha masomo tangu utotoni, ingawa masikio yake hayakusikia vyema. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Breslau kilimnyima shahada ya uzamifu kwa sababu moja tu: alikuwa Myahudi. Akaenda Berlin, akatunukiwa shahada hiyo mwaka wa 1847 akiwa na umri wa miaka 19. Hakuususia mji wake. Alirudi akafundisha huko, na mwaka wa 1866 akaanzisha taasisi ya kuchunguza uhai wa mimea.

Zama hizo bakteria walirundikwa kapu moja na vijidudu vingine. Cohn aliwatazama kwa hadubini, akawapanga kwa makundi kulingana na maumbile yao. Mwaka wa 1872 aliwapa baadhi yao jina la Bacillus subtilis. Miaka minne baadaye alieleza kwa nini hao huibuka tena katika maji ya nyasi kavu yaliyokwisha kuchemshwa: hujigeuza kuwa spora, yaani chembe zenye ganda gumu linalostahimili joto na ukame.

Cohn alifariki mwaka wa 1898, kabla ya wakulima kunufaika na ugunduzi huo. Leo spora hizo hukaushwa na kuuzwa kama unga. Mkulima huupaka kwenye mbegu, au huuchanganya na maji akamwagilia kitalu. Bakteria hao huzaliana kwenye mizizi, wakaziteka nafasi na chakula ambavyo kuvu wangevipata. Hutoa kemikali zinazopasua utando wa seli za kuvu, kama vile Fusarium anayenyausha nyanya, na huuamsha mmea ujikinge wenyewe. Si dawa ya miujiza. Ni kinga inayopaswa kutangulia maradhi, na mkulima bado hana budi kupanda mbegu safi na kubadilisha mazao shambani.

Basi, mwalimu anayefundisha kuhusu bakteria na ataje marafiki pamoja na maadui. Akumbuke pia kwamba mvulana aliyenyimwa shahada kwa ajili ya nasaba yake ndiye aliyetufundisha kutohukumu viumbe kwa jumla. Ikiwa tunaweza kuwatendea haki bakteria wa udongoni, kwa nini tumpime mwanafunzi kwa kabila lake au kwa ulemavu wake?