Bullard na Siri ya Bonde la Ufa

Kukosea si aibu kwa mtaalamu; aibu ni kulikumbatia kosa baada ya kweli kudhihirika. Maisha ya Edward Bullard ni ushahidi tosha.

Bullard alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1907, akasomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1933 alifunga safari hadi Afrika Mashariki akiwa na pendulamu za kupimia uvutano wa dunia. Penye uvutano hafifu pendulamu hubembea polepole zaidi, na tofauti hiyo ndogo humfunulia mpimaji habari za miamba asiyoiona. Katika Bonde la Ufa, Bullard aliukuta uvutano umepungua. Katika makala yake ya 1936 alihitimisha kwamba bonde limebanwa kutoka pande zote mbili, na sakafu yake kukandamizwa chini.

Vipimo vilikuwa vya kweli, tafsiri haikudumu. Leo wanajiolojia wanajua kwamba ardhi hii haibanwi, bali inavutwa pande mbili. Gamba lake hukonda, na joto la chini hupanda. Joto hilo ndilo lizalishalo umeme Olkaria, na ndilo lililofuatwa kwa visima huko Menengai, juu ya mji wa Nakuru.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Bullard alisaidia kuzikinga meli za Uingereza dhidi ya mabomu ya sumaku. Baadaye aliligeukia fumbo la usumaku wa dunia yenyewe. Mwaka 1954, yeye na Gellman walijaribu kuonyesha kwa hesabu jinsi mwendo wa chuma kilichoyeyuka katika kiini cha dunia unavyoudumisha usumaku huo. Kompyuta zenye nguvu zaidi zilibainisha baadaye kuwa jibu lao halikukamilika, lakini wazo lenyewe lingali msingi wa taaluma hiyo.

Mwaka 1965, pamoja na wenzake wawili, alionyesha jinsi kingo za Afrika na Amerika Kusini zinavyooana. Hivyo yule aliyedhani bonde letu linabanwa akawa miongoni mwa waliothibitisha kuwa mabara hutengana. Alifariki California mwaka 1980.

Shuleni mwetu, mwanafunzi akikosa jibu huchekwa, naye hunyamaza daima. Tukiendelea hivyo, siri za ardhi tunayoikanyaga zitafumbuliwa na wageni. Tumfunze mtoto kupima kwa uaminifu, kuthubutu kueleza, na kukubali kusahihishwa.