Michael Faraday na Kioo Kizito

Michael Faraday alizaliwa kando ya mji wa London, nchi ya Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, naye aliugua mara nyingi. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa maskini. Mwaka wa 1801 vyakula vilikuwa ghali sana, na mtoto Michael alipewa mkate mmoja tu kwa juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, basi.

Alipopata miaka 14 alitiwa kwa fundi wa kujalidi vitabu, akakaa kwake miaka saba. Mikono yake ilivishona vitabu, macho yake yalivisoma. Mwaka wa 1812 alisikiliza mafundisho ya Humphry Davy, mtaalamu mkubwa wa siku zile. Akayaandika kwa uangalifu, akayajalidi kuwa kitabu, akampelekea Davy na kuomba kazi. Mwaka wa 1813 alipokelewa kuwa msaidizi wake katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution.

Mwaka wa 1825 Faraday alipewa kazi ya kutafuta kioo bora cha darubini. Alijenga tanuru, akayeyusha risasi pamoja na vitu vingine. Alifanya kazi hiyo miaka kadhaa, lakini kioo hakikufaa kama walivyotumaini, na kazi ikaachwa. Faraday hakuvitupa vipande vile vizito. Aliviweka.

Mwaka wa 1831 alivumbua kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya huzaa umeme ndani yake. Tangu hapo alizidi kuamini kwamba nguvu za ulimwengu zina udugu. Je, sumaku haiwezi kuigusa hata nuru?

Fikirini kamba ndefu iliyopita kati ya miti miwili iliyosimama karibu karibu. Ukiitikisa kamba juu na chini, mawimbi yake hupita. Ukiitikisa kuume na kushoto, miti huyazuia. Nuru nayo hutikisika. Nuru ya taa hutikisika pande zote. Lakini ikipiga kioo kwa mshazari unaofaa na kurudi, hutikisika upande mmoja tu. Tena liko jiwe angavu ambalo, likikatwa vema, hufanya kazi ya ile miti miwili: likigeuzwa hivi, nuru hiyo hupita; likigeuzwa vile, huzimika.

Mwaka wa 1845 Faraday aliwasha taa, akairudisha nuru yake kwa kioo, akaitazama kwa jiwe hilo. Akaligeuza mpaka akaona giza. Kwanza alijaribu nguvu za umeme, asione kitu. Tarehe 13 Septemba alichukua sumaku kubwa ya umeme. Akaweka mbele yake vitu vya namna nyingi, kimoja kimoja; giza lilibaki. Mwishowe akaleta kipande cha kile kioo kizito cha zamani. Alipotia umeme katika sumaku, nuru ikaonekana! Alipoukata, giza likarudi. Sumaku ilikuwa imeuzungusha mtikisiko wa nuru ndani ya kioo, nao ukapata njia ya kupita katika jiwe.

Faraday alipata sifa katika nchi nyingi, lakini alikataa cheo cha heshima alichotaka kupewa na serikali. Alikufa tarehe 25 Agosti 1867.

Leo mafundi wanaotuma habari kwa nuru katika nyuzi nyembamba za kioo hutumia uvumbuzi wake. Kwa sumaku wanaipa nuru ruhusa ya kwenda mbele, wakaizuia isirudi nyuma kuharibu chombo kilichoitoa.

Kioo kile hakikufaa kwa darubini, lakini kilingoja siku yake. Akiba haiozi. Mtoto ahifadhiye alichojifunza kwa taabu, hata kama leo haoni faida yake, asifikiri kwamba amepoteza kazi yake.