Gaston Planté na Betri ya Gari

Bila shaka umepata kuona gari likisukumwa asubuhi. Dereva amezungusha ufunguo, injini ikalia kidogo, kisha kimya. Watu husema kuwa betri imekufa. Je, wajua ni nani aliyeanzisha betri ya namna hiyo? Ni Mfaransa mmoja, naye aliitengeneza wakati ambapo hapakuwa na gari lolote lililoihitaji.

Gaston Planté alizaliwa tarehe 22 Aprili, 1834, katika mji mdogo wa Orthez, kusini-magharibi ya Ufaransa. Mwaka 1854, akiwa kijana wa miaka 20, alipata kazi ya kumsaidia mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja mjini Paris. Mwaka uliofuata alifanya jambo lisilohusu umeme hata kidogo: karibu na Paris aligundua mabaki ya ndege mkubwa asiyeruka, aliyeishi zamani mno kabla ya binadamu. Wataalamu walimwita ndege huyo Gastornis, kwa heshima ya Gaston. Wengi walijuao jina hilo hawajui kwamba limetokana na mtu wa betri.

Betri zilikuwapo tangu mwaka 1800, wakati Mwitalia Alessandro Volta alipotengeneza ya kwanza. Lakini metali iliyokuwa ndani yake ililika kidogo kidogo, na ilipokwisha, umeme nao ulikwisha. Fikiri juu ya betri za kawaida za tochi: zikiisha, hutupwa.

Planté alivutwa na jambo jingine. Ukitumbukiza vipande viwili vya metali katika maji yenye asidi, ukapitisha umeme, kisha ukaukata, vipande hivyo huweza kurudisha umeme kidogo kwa muda mfupi. Planté alitaka kujua ni metali gani irudishayo umeme mwingi zaidi. Alijaribu metali mbalimbali, akaona kuwa risasi inazishinda nyingine.

Mwaka 1859 alitwaa mabamba mawili membamba ya risasi, akayatenganisha ili yasigusane, akayakunja pamoja kama mkeka unavyokunjwa, akayatia katika chombo chenye maji na asidi ya salfuriki. Alipopitisha umeme, uso wa bamba moja uligeuka kuwa wa rangi ya kahawia, na bamba la pili likabaki risasi tupu. Alipoyaunganisha mabamba hayo kwa waya, umeme ulitoka. Wakati umeme unapotoka, asidi huungana na mabamba yote mawili na kufanya salfeti ya risasi. Ukirudisha umeme ndani, salfeti huvunjika, asidi hurudi majini, na betri iliyokufa hufufuka.

Usidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Mwanzoni ni uso tu wa bamba uliobadilika, kwa hiyo umeme uliohifadhiwa ulikuwa mchache. Ilimpasa Planté kujaza umeme na kuutoa, tena na tena, ili mabadiliko yapenye ndani ya risasi. Mwaka 1860 aliwaonyesha wanachama wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa betri yenye seli tisa. Hata hivyo, wakati huo haikuwa na faida kubwa, maana kuijaza kulihitaji betri nyingi za aina ya zamani. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Faure, alipaka mabamba uji mzito wa oksidi ya risasi, na ule usumbufu wa kujaza na kutoa ukapungua sana.

Planté alifariki tarehe 21 Mei, 1889, akiwa na umri wa miaka 55. Magari ya petroli yalikuwa ndiyo kwanza yameanza, tena yaliwashwa kwa kuzungusha chuma kwa mkono. Chuma hicho kiliweza kurudi kwa nguvu na kumvunja mtu mkono. Ilipofika mwaka 1912 ndipo Cadillac, gari la Marekani, lilipouzwa likiwa na mota ya umeme ya kuwashia injini. Mota hiyo ilihitaji betri yenye nguvu nyingi kwa nukta chache, na betri ya risasi iliifaa.

Betri ya kawaida ya gari ina seli sita, kila moja ya volti 2 hivi, jumla volti 12. Lakini kufufuka kwake kuna kikomo. Ikiachwa tupu kwa muda mrefu, salfeti huwa ngumu isivunjike tena. Hapo sharti iwekwe mpya.

Kazi hiyo yaweza kufanywa nyumbani, lakini ni ya mtu mzima. Wewe simama mbali kidogo utazame. Utamwona akizima gari, kisha akifungua kwanza waya wa upande wa hasi. Kwa nini hasi? Katika magari mengi waya huo umeunganishwa na bodi ya gari. Akianza na chanya, na spana yake ikagusa bodi, umeme mkali utapita na cheche zitaruka. Betri huweza kutoa gesi ya hidrojeni ambayo hulipuka, basi moto usikaribie. Wakati wa kufunga betri mpya, chanya hutangulia na hasi huwa ya mwisho.

Betri kuukuu isivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani. Asidi yake huunguza ngozi na macho, na risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa karibu na nyumba za watu. Wakazi walipopimwa, risasi ilikutwa katika damu zao, na za watoto pia. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014.