Padri Eckhel na sarafu za Warumi

Joseph Eckhel alizaliwa mwaka 1737 katika inchi ya Austria, huko Ulaya. Alipokuwa na miaka 14 aliingia Shirika la Wajezuiti. Baadaye akapata upadri, akafundisha vijana. Lakini afya yake ilikuwa zaifu. Akapewa kazi ya kutunza sarafu za kale za Wajezuiti mjini Vienna.

Siku zile matajiri wengi walikusanya sarafu, yaani feza za chuma, za Warumi wa kale. Wengine walipenda tu kuona zahabu inavyong'aa. Tena wadanganyifu walitengeneza sarafu za uwongo, wakaziuza.

Eckhel alitazama kila sarafu mbele na nyuma. Alisoma herufi zinazozunguka kichwa cha kaisari, maana Warumi waliandika pale jina lake na vyeo vyake. Kwa mfano, sarafu ya kaisari Trajano yenye herufi COS VI yaonyesha kwamba amekwisha kuwa konsuli, mkubwa wa serikali, mara ya sita. Trajano alipata cheo hicho mara ya sita mwaka 112, akafa mwaka 117. Basi, sarafu ile ilitengenezwa kati ya miaka hiyo. Sarafu isiyopatana na ukweli, Eckhel aliikataa.

Mwaka 1773 Papa alivunja Shirika la Wajezuiti. Likarudishwa mwaka 1814 tu. Eckhel alipoteza jamaa aliyoitumikia tangu ujana. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1774 Maria Theresa, malkia wa Austria, alimweka kuwa mtunzaji wa sarafu za kale za jumba lake.

Toka mwaka 1792 Eckhel alitoa vitabu vinane kwa Kilatini. Humo alipanga sarafu za makaisari kwa kufuata miaka ya utawala wao. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 1798, na mwaka ule ule akafa. Wenye elimu waliokuja nyuma yake walifuata njia aliyoifungua.

Watoto, sarafu ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini ina habari za ufalme mzima. Anayesoma pole pole ndiye anayezipata.

MAULIZO
1. Kwa nini Eckhel alipewa kazi ya kutunza sarafu?
2. Herufi za sarafu zilimfundisha nini?
3. Alipata taabu gani mwaka 1773? Akafanya nini?