Eisenhower: Mchezaji wa Msimu Mmoja

Ukimtaja Dwight Eisenhower, wengi wetu tunakumbuka mambo mawili ya somo la Historia. La kwanza, ni jenerali aliyeongoza majeshi ya Washirika kutua pwani ya Ufaransa tarehe 6 Juni 1944. La pili, alikuwa Rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961. Mimi leo nataka kumsimulia Eisenhower wa miaka 22, umri wangu mimi ninayeandika. Huyo alikuwa bado hajawa mtu. Alikuwa mwanachuo, mchezaji wa timu ya chuo, na msimu wake wa kwanza kwenye timu kubwa ndio ukawa wa mwisho.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1890 mjini Denison, Texas, akakulia Abilene, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Kwao walizaliwa watoto saba, wote wa kiume, mmoja akafariki akiwa mchanga. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Mama alikuwa mtu wa dini ambaye hakupenda vita hata kidogo. Hela ya kusomesha haikuwepo, hivyo Dwight na kaka yake Edgar wakapanga: mmoja atangulie chuo, mwingine afanye kazi amlipie, halafu wabadilishane. Edgar akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Dwight akabaki kiwandani karibu miaka miwili. Sisi tunaoishi kwa kusubiri bumu hatuhitaji kuelezwa hesabu hiyo.

Rafiki yake mmoja, Everett Hazlett, ndiye aliyemfumbua macho kwamba kuna vyuo ambavyo mtu halipi hata senti: vyuo vya kijeshi. Serikali inakusomesha, na wewe ukimaliza unalitumikia jeshi. Dwight akafanya mtihani akitaka chuo cha wanamaji cha Annapolis. Akakuta umri umempita. Akapata nafasi West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu kilichopo kando ya mto Hudson, jimbo la New York, akaingia Juni 1911.

Kwa kweli bunduki haikuwa kitu kilichomvuta zaidi. Jamaa alitaka mpira.

Hapa nieleze kidogo, maana mpira wenyewe si huu wetu. Futiboli ya Kimarekani inachezwa na watu kumi na mmoja kila upande, lakini mpira ni wa mviringo uliochongoka ncha mbili, na mara nyingi unabebwa mikononi. Timu inajitahidi kuusogeza hadi kuuvusha mstari wa mwisho wa wapinzani, na wapinzani wanamkaba aliyeubeba na kumwangusha chini. Mwaka 1912 sheria zilibadilishwa: timu ikapewa majaribio manne badala ya matatu ya kusogea yadi 10, na kuvusha mpira kukawa na pointi sita. Wakati huo mchezaji alishambulia na kulinda pia, bila kupokezana kama siku hizi. Kofia zilikuwa za ngozi, na ulikuwa mchezo wa kuumizana hasa.

Timu ya West Point huitwa Army. Mpinzani wake mkubwa ni Navy, timu ya Annapolis. Unaweza ukashinda mechi zote za msimu, lakini ukifungwa na Navy mwishoni, chuo kizima kinalala na huzuni.

Mwaka wa kwanza Eisenhower alionekana mwepesi mno, akawekwa kwenye timu ya wadogo iliyoitwa Cullum Hall. Hakukata tamaa. Akala, akakimbia, akafanya mazoezi, akaongeza uzito. Msimu wa 1912 ulipoanza alikuwa kwenye timu kubwa, mbeba mpira wakati wa kushambulia na mkabaji wakati wa kulinda.

Msimu ule ulikuwa wa mechi nane tu. Tarehe 5 Oktoba Army waliwafunga Stevens 27-0. Wiki iliyofuata wakawafunga Rutgers 19-0, na magazeti ya New York yakaanza kumwandika kijana huyo wa Kansas kama mchezaji wa kuangaliwa. Tarehe 19 Oktoba wakafungwa na Yale 6-0. Wakainuka, wakawafunga Colgate. Kisha, tarehe 9 Novemba, wakaja Carlisle.

Mechi hiyo siwezi kuipita haraka, maana mimi nasoma ualimu. Carlisle ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa wenyeji asilia wa Marekani, iliyoanzishwa Pennsylvania mwaka 1879 na ofisa wa jeshi, Richard Pratt. Watoto waliletwa kutoka mbali, wakakatwa nywele, wakakatazwa lugha za mama zao. Hiyo ndiyo iliitwa elimu. Na Desemba 1890, miezi miwili baada ya Eisenhower kuzaliwa, jeshi la Marekani liliua mamia ya watu wa kabila la Lakota, wakiwemo wanawake na watoto, mahali paitwapo Wounded Knee. Kwa hiyo siku ile uwanjani West Point upande mmoja walisimama maofisa wa kesho wa jeshi lile, na upande wa pili vijana wa jamii zilizopigwa na jeshi lile.

Nyota wa Carlisle alikuwa Jim Thorpe, aliyerudi kutoka Olimpiki ya Stockholm mwaka huohuo na medali mbili za dhahabu. Mpango wa Army ulikuwa mmoja: mzuieni Thorpe. Mapumziko yalifika Carlisle wakiongoza 7-6 tu. Kipindi cha pili nahodha wa Army akatolewa nje kwa mchezo mbaya. Eisenhower na mwenzake wakamvamia Thorpe kwa pamoja, wakaishia kugongana wao kwa wao, wakatolewa nje wote wawili. Carlisle wakashinda 27-6.

Wiki moja baadaye, tarehe 16 Novemba, Army waliwafunga Tufts, lakini Eisenhower akaumia goti. Akalazwa siku chache, akaruhusiwa. Halafu kukaja mazoezi ya farasi, yale ya kuruka juu ya mnyama na kushuka huku anakimbia. Aliposhuka, goti likaachia kabisa. Akafungwa hogo, akakaa wodini na maumivu, na madaktari wakampa jibu ambalo hakuna mchezaji anayetaka kulisikia: mpira basi. Tarehe 30 Novemba timu ilicheza na Navy bila yeye, ikafungwa 6-0. Msimu ukaisha, ushindi tano, kufungwa tatu. Na yeye akaisha nao, au ndivyo alivyodhani.

Kilichofuata tunakijua, kwa sababu tumekiona kwenye vyumba vya hosteli zetu. Kijana aliyekuja chuo kwa ajili ya kitu kimoja, kitu chenyewe kikaondoka. Akawa mzito, haongei. Akaanza kuvuta sigara, na sigara zilikuwa marufuku. Mwaka wa kwanza alikuwa wa 57 kati ya wanafunzi 212. Mwaka ule wa goti akashuka hadi wa 81 kati ya 177. Zaidi ya mara moja alitaka kuacha chuo, na wenzake wa karibu ndio waliomkalisha chini wakamzuia. Hawakuwa washauri nasaha wala wakuu wa chuo. Walikuwa washikaji tu, waliokataa kumwacha aondoke.

Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii. Alirudi kwenye timu. Alirudi kwanza kama kiongozi wa ushangiliaji, yule anayesimama mbele ya wenzake usiku wa kuamkia mechi na kuwapandisha mori. Huko ndiko alikoanza kuhutubia watu. Pia akapewa kuifundisha Cullum Hall, ileile timu ya wadogo aliyotupwa mwaka wa kwanza. Akaanza kuutazama mchezo kwa jicho lingine: nani anajua nini, nani anaogopa nini, yupi umweke wapi. Msimu wa 1914, akiwa mwaka wa mwisho, Army walishinda mechi zote tisa. Uwanjani alikuwepo rafiki yake Omar Bradley. Yeye alikuwa pembeni ya mstari, na hakuwa mtazamaji.

Alihitimu mwaka 1915 akiwa wa 61 kati ya 164, na hata hapo goti lilitaka kumnyima cheo, maana madaktari walisita kumpitisha kuwa ofisa. Mwishowe akapitishwa, akapelekwa San Antonio, Texas. Na huko kazi ikamfuata ileile: akawa kocha wa shule moja ya kijeshi, kisha wa chuo cha Kikatoliki cha hapohapo mjini. Kwa miaka mingi jeshi lilimhamisha huku na kule likitaka awafundishe wanajeshi mpira, mpaka ikawa inamkera.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipigwa Ulaya yeye akiwa Marekani. Alipewa kambi huko Gettysburg kufundisha askari wa vifaru, na mwanzoni hakukuwa na kifaru hata kimoja. Wakafunga bunduki za rashasha juu ya malori na kujifunzia hapo. Wenzangu wa kitivo cha elimu waliokwenda field kwenye shule isiyo na maabara wakafundisha tindikali kwa kuchora ubaoni, huyu ni mwalimu mwenzenu. Vita vikaisha kabla hajavuka bahari. Mwaka 1921 akafiwa na mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka mitatu. Mwaka 1940, akikaribia miaka 50, bado alikuwa luteni kanali. Miaka minne baadaye alikuwa jenerali wa nyota tano.

Alichofanya 1944, kwa mtazamo wangu, kilikuwa ukocha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuongoza kikosi vitani. Chini yake walikuwepo majenerali wa Marekani na Uingereza waliokuwa wakichukiana waziwazi, na kazi yake ilikuwa kuwafanya wacheze timu moja. Kabla ya kuvuka kwenda Ufaransa aliandika karatasi fupi na kuiweka mfukoni, ya kutolewa iwapo mashambulizi yangeshindwa. Ndani yake lawama zote alizichukua yeye, askari akawasifu. Haikuhitajika, lakini aliiandika.

Simfanyi malaika. Mwaka 1957 alipeleka askari wa miavuli Little Rock, Arkansas, kuwalinda wanafunzi tisa weusi waliozuiwa kuingia shule ya sekondari, na nikikumbuka Carlisle, jeshi kulinda mlango wa darasa ni jambo kubwa. Lakini alikuwa amesitasita muda mrefu kwenye suala la ubaguzi, na watu weusi walimlaumu kwa haki. Na mwaka 1960, yeye akiwa Rais, shirika la ujasusi la nchi yake lilipanga njama ya kumuua Patrice Lumumba. Sisi Waafrika hatuna sababu ya kulisahau hilo. Maisha ya mtu hayasomwi kwa kuchagua kurasa.

Alifariki Washington tarehe 28 Machi 1969, akiwa na miaka 78. Kati ya wahitimu 164 wa darasa lake, 59 walifikia ujenerali, na yule wa goti bovu ndiye aliyewaongoza.

Hapa chuoni kila semesta kuna mtu anakula sapu, mwingine anadisko, mwingine anakosa mkopo, mwingine anavunjika mguu kwenye bonanza la vitivo. Wengi wao wanapotea kimyakimya. Tunagundua kitanda kiko wazi, tunauliza wiki moja, tunanyamaza. Nimemsoma Eisenhower nikabaki nawafikiria zaidi wale washikaji zake wasio na majina makubwa, waliokaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa Novemba 1912 wakamwambia asiondoke. Ndugu msomaji, kama kuna mwenzako hajaonekana lekcha tangu wiki ya tatu, mtafute leo.