John Robert Cobb

John Robert Cobb (1903 – 1967) alikuwa daktari wa upasuaji wa mifupa kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa njia yake ya kupima kiasi cha kupinda kwa uti wa mgongo kwenye picha ya eksirei. Kipimo hicho huitwa pembe ya Cobb. Hadi leo ndicho kinachotumiwa na madaktari duniani kote wanapoamua kama kijana mwenye skoliosi aachwe akiangaliwa, avalishwe koti gumu, au apasuliwe.

Maisha

Cobb alizaliwa katika jiji la New York. Alisoma Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu mwaka 1925, na shahada yake haikuwa ya sayansi bali ya fasihi ya Kiingereza. Baadaye aligeukia udaktari, akausomea Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu mwaka 1930.

Mwaka 1934 alijiunga na hospitali ya mifupa ya New York iliyoanzishwa mwaka 1863, ambayo tangu mwaka 1940 inaitwa Hospital for Special Surgery. Huko alikabidhiwa kazi ya kujenga kliniki ya skoliosi, na tatizo hilo likawa shughuli yake kuu kwa maisha yake yote.

Matibabu kabla ya kipimo chake

Skoliosi ni hali ya uti wa mgongo kupinda kuelekea kushoto au kulia huku pingili zake zikijizungusha. Isichanganywe na kibiongo, ambacho ni mgongo kujikunja kuelekea mbele. Aina inayowapata vijana wengi hujitokeza karibu na balehe, katika miaka ya kurefuka haraka, na chanzo chake hakijulikani. Haitokani na mkoba mzito wa shule wala kukaa vibaya darasani, ingawa watoto wengi wamelaumiwa bure kwa hayo. Pindo linaloendelea kukua hadi kuhitaji matibabu huonekana zaidi kwa wasichana.

Wakati Cobb anaanza kazi, matibabu yalikuwa mazito. Tangu mwaka 1914 daktari Russell Hibbs, pia wa New York, alikuwa akiwafanyia wagonjwa wa skoliosi upasuaji wa kuunganisha pingili ili ziwe mfupa mmoja. Kabla ya kupasuliwa, mtoto alifungwa plasta kubwa mwilini ili mgongo unyooshwe kidogo kidogo, na baada ya hapo alilala kitandani kwa miezi mingi. Wengine walipewa mazoezi au makoti magumu. Mwaka 1941 ilichapishwa ripoti ya madaktari wa mifupa wa Marekani waliochunguza wagonjwa 425, nayo ilisikitisha: karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na matokeo ya wastani tu au mabaya.

Ugumu mwingine ulikuwa kwamba madaktari hawakupima kwa namna moja. Daktari aliyesema mgonjwa wake amepata nafuu hakuwa na namba ambayo mwenzake wa mji mwingine angeweza kuilinganisha na yake. Zaidi ya hayo, bila kipimo cha kuaminika haikuwezekana kujua kama pindo la mtoto fulani linaongezeka au limesimama.

Pembe ya Cobb

Cobb alieleza njia yake katika mhadhara kwa madaktari uliochapishwa mwaka 1948. Inahitaji penseli, rula na kipimapembe tu. Kwenye picha ya eksirei ya mgongo mzima, daktari hutafuta pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa pindo na kuchora mstari kwenye uso wake wa juu. Kisha hutafuta pingili iliyoinama zaidi upande wa chini na kuchora mstari kwenye uso wake wa chini. Pembe kati ya mistari hiyo miwili ndiyo kipimo. Kwa kuwa mara nyingi mistari hukutana nje ya picha, huchorwa mistari mingine miwili inayoikata kwa nyuzi 90, na pembe ya makutano yake husomwa badala yake.

Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa, kwani Robert Lippmann alikuwa ameeleza njia inayofanana nalo mwaka 1935. Lakini ni Cobb aliyelieneza na kulitumia kufuatilia wagonjwa wengi kwa miaka. Katika ufuatiliaji huo alisisitiza jambo ambalo huenda ni muhimu kuliko pembe yenyewe: kuwa na skoliosi hakumaanishi kwamba itazidi, na wengi hawahitaji kutibiwa, bali kupimwa tena baada ya miezi kadhaa. Upasuaji ni wa wale ambao mapindo yao yanaonekana kukua. Kwa msichana wa miaka 13, tofauti hiyo ilikuwa ni kuendelea na shule au kulala ndani ya plasta.

Baada yake

Mwaka 1966, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Cobb, madaktari walianzisha chama cha utafiti wa skoliosi nchini Marekani, nacho kikachagua njia yake kuwa kipimo rasmi. Siku hizi pindo huitwa skoliosi likifikia nyuzi 10. Likiwa dogo huangaliwa tu. Likiwa kati ya nyuzi 25 na 40, na kijana bado anakua, hupewa koti gumu. Likipita nyuzi 45 au 50 upasuaji hufikiriwa. Tangu Paul Harrington alipotangaza fimbo zake za chuma mwaka 1962, upasuaji nao umebadilika sana.

Kipimo kina kasoro. Madaktari wawili wakipima picha ileile wanaweza kutofautiana kwa nyuzi 5 hivi, kwa hiyo ongezeko la nyuzi 2 au 3 si ushahidi wa kutosha. Pia hakionyeshi vizuri kujizungusha kwa pingili, ambako ndiko kunakosukuma mbavu zitokeze mgongoni.

Utafiti uliofanyika Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba vijana 72 kati ya 100 waliovaa koti walimaliza kukua kabla pindo halijafika nyuzi 50. Kati ya walioangaliwa tu bila koti, walikuwa 48.