Duke wa Abruzzi: mwana wa mfalme aliyepanda Ruwenzori yetu, na watu ambao majina yao hayakuandikwa

Asubuhi ile anga ikiwa safi, mtu akiwa Mutwanga ama kwenye barabara ya Beni kuelekea Kasindi, akiinua macho upande wa mashariki anaona kitu cheupe juu ya mawingu. Si wingu. Ni barafu ya Ruwenzori. Sehemu yake ya juu kabisa ina metre 5 109, na ramani zetu zinaiita Pic Marguerite. Wengi wetu tulikariri jina hilo shuleni, lakini wachache tulijiuliza: huyu Marguerite ni nani, na nani aliyemweka kule juu?

Jibu linatupeleka kwa mtu mmoja wa Italia, Luigi Amedeo wa Savoie, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Duke wa Abruzzi.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa kwanza 1873, mjini Madrid, katika Hispania. Baba yake, Amedeo, alikuwa mfalme wa inchi hiyo. Lakini mtoto hakufikisha hata mwezi mmoja, baba akaacha kiti, maana inchi ilikuwa imemshinda. Familia ikarudi Italia, ambako babu yake, Vittorio Emanuele wa pili, ndiye alikuwa mfalme. Basi mtoto akakua katika nyumba ya wafalme, lakini akijua kwamba yeye mwenyewe hatapata kiti. Akapelekwa katika jeshi la maji akiwa bado mtoto mdogo.

Vakansi za milimani

Kule Ulaya, mwezi wa saba na wa nane ni wakati wa joto. Miaka ile, watu wenye mali walianza kuwa na desturi mpya: kwenda vakansi katika mabonde ya milima ya Alpes, si kwa kulala tu, lakini kwa kupanda miamba na barafu kwa kamba. Kwa mkulima wa kule jambo hilo lilikuwa la kushangaza. Yeye alipanda mlima akifuata mbuzi wake ama nyama ya kuwinda. Sasa mtu wa mjini anakuja na pesa, anaomba apelekwe juu, kiisha ashuke mikono mitupu.

Bonde moja la namna hiyo ni la Aosta, upande wa Italia, chini ya Mont Blanc. Watu wake wanazungumza Kifaransa tangu zamani. Katika kijiji cha Courmayeur, wanaume walianzisha chama chao cha magide mwaka 1850. Walikuwa wakulima na wawindaji, watu wa mikono migumu. Lakini kazi ile wakaifanya ufundi wa kweli: baba anamfundisha mwana, bei inajulikana, na jina la gide linaandikwa katika kitabu cha safari pamoja na jina la tajiri aliyemwongoza.

Kijana Luigi aliipenda milima hiyo sana. Alipanda Mont Blanc, Mont Rose na Grand Paradis. Mwaka 1894, akiwa na miaka 21, alipanda Cervin, ule mlima wenye ncha kama mkuki, kwa njia ngumu ya Zmutt, pamoja na Mwingereza Mummery, mmoja wa wapandaji hodari wa wakati ule. Kule Alpes alijifunza jambo ambalo hakuliacha tena: mwana wa mfalme hafiki juu bila mkulima anayejua njia. Tangu pale, kila safari kubwa alienda na magide kutoka bonde la Aosta.

Mwaka 1897 alikwenda Alaska, Amerika ya Kaskazini, akapanda mlima Saint-Élie wa metre 5 489, ambao hakuna mtu aliyekuwa ameufikia juu yake. Mwaka 1899 akaelekea ncha ya kaskazini ya dunia na meli iliyoitwa Stella Polare. Baridi ilimharibu vidole viwili, ikabidi vikatwe sehemu. Mwenzake Umberto Cagni akaendelea mbele yake, akafika nyuzi 86 na dakika 34, mbali kuliko mtu yeyote wa mbele yake. Wenzao watatu hawakurudi.

1906: njia ya kuja kwetu

Ruwenzori ilikuwa imejulikana Ulaya tangu safari ya Stanley. Mwaka 1888 aliona barafu yake, na mwaka 1889 alipita katika bonde la Semuliki pamoja na Emin Pasha. Mtu wake mmoja, Stairs, alijaribu kupanda akashindwa. Mwaka 1891 Mjerumani Stuhlmann alipanda kupitia upande wetu, akifuata mto Butahu, akafika kiasi cha metre 4 000. Wengine wakaja nyuma, lakini mvua na ukungu viliwarudisha. Mbele ya kufa kwake, Stanley aliomba mtu anayependa milima kwa moyo wote aje amalize kazi. Duke akasikia.

Aliondoka Napoli mwezi wa nne 1906. Alifika Mombasa kwa meli, akapanda treni mpaka ziwa Victoria, akavuka mpaka Entebbe. Kutoka pale ikawa ni miguu mpaka Fort Portal. Alikuwa na Cagni, mpiga picha Vittorio Sella, mganga, mtu wa kuchunguza mawe, na magide wa Courmayeur: Joseph Petigax na mwana wake Laurent, César Ollier, na Joseph Brocherel. Na alikuwa na wapagazi mamia.

Hapa ndipo historia yetu inaingia. Wapagazi waliotoka Buganda hawakuzoea baridi ya mlima. Waliobeba mizigo mpaka juu, katika tope, mizizi na mawe yenye utelezi, walikuwa Wakonzo. Hao ni ndugu zetu. Mkonzo wa Uganda na Mnande wa Beni na Butembo ni watu wamoja, lugha moja, mababu wamoja. Walitembea miguu mitupu. Kambi kubwa ikawekwa Bujongolo, chini ya mwamba, karibu metre 3 800 juu. Ndiyo walioonyesha njia za kupita, mahali pa kulala, na pango ambamo mvua haingii.

Kwa wazee wetu, kule juu hapakuwa mahali pa kuchezea. Ni makao ya Kitasamba, na barafu yenyewe ina jina katika lugha yetu: nzururu. Kwa hiyo si kweli kwamba mlima haukujulikana. Ulijulikana, ulikuwa na jina na heshima yake. Jambo ambalo halikufanyika ni kufika kwenye ncha yake na kuiandika katika ramani.

Tarehe 18 mwezi wa sita 1906, Duke na magide wake watatu, Petigax, Ollier na Brocherel, walifika kwanza kwenye ncha ya pili kwa urefu. Kiisha wakavuka barafu katika ukungu kuelekea ile kubwa. Mwisho kabisa ukuta wa barafu uliwafungia njia. Ollier akasimama akawa ngazi: wenzake wakapanda mabegani mwake mpaka kichwani, na viatu vyao vya misumari. Hivyo ndivyo walivyofika. Duke akafungua bendera ndogo aliyopewa na malkia Margherita wa Italia, mke wa marehemu baba yake mkubwa, mfalme Umberto. Ncha ikaitwa Margherita. Ile ya pili ikaitwa Alexandra, kwa heshima ya malkia wa Uingereza. Milima sita yenye barafu ikapewa majina ya wasafiri: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na mmoja jina la Duke mwenyewe.

Angalieni vizuri. Gide Ollier wa Courmayeur, mkulima, jina lake liko katika kila kitabu kinachosimulia siku ile. Mpagazi Mkonzo aliyebeba kamba na chakula mpaka kambi ya mwisho, jina lake haliko. Mmoja na mwingine walikuwa watoto wa mlima. Tofauti ni kalamu tu.

Miaka minne nyuma ya safari hiyo, mwaka 1910, serikali za Ulaya zilikaa Brussels zikakata mpaka. Mstari ukapita juu ya Margherita yenyewe. Upande mmoja ukawa Uganda ya Waingereza, upande mwingine Kongo ya Wabelgiji. Ukoo mmoja ukagawanyika, na mpaka leo kuna familia ambazo shangazi yuko Kasese na kaka yuko Mutwanga. Wakati wa Zaire, mlima Stanley ukaitwa Ngaliema. Lakini jina hilo pia lilitoka mbali, upande wa Kinshasa.

Miaka ya mwisho

Duke hakupumzika. Mwaka 1909 alikwenda kujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani. Hakufika juu, lakini njia aliyoifungua inaitwa kwa jina lake mpaka leo, na wengi wanaopanda K2 wanapita pale. Safari hiyo hiyo, kwenye mlima Chogolisa, alifika kiasi cha metre 7 500. Wakati ule hakuna mpandaji aliyekuwa amefika juu hivyo.

Katika moyo hakubahatika. Alimpenda Katherine Elkins, binti wa seneta wa Marekani. Nyumba ya wafalme ikakataa, na Duke hakuoa hata siku moja. Katika vita ya kwanza ya dunia aliongoza jeshi la maji la Italia mpaka 1917, na meli zilivusha askari wa Serbia zaidi ya laki moja waliokuwa wakifa njaa na baridi.

Nyuma ya vita akahamia Somalia. Kando ya mto Shebelle alifungua shamba kubwa la pamba, miwa na ndizi, na kijiji chenye jina lake, pale panapoitwa leo Jowhar. Wapo wanaomsifu kwa mifereji na reli. Lakini lazima isemwe pia: ardhi ilikuwa ya Wasomali, na katika Somalia ya Waitaliano watu walishurutishwa kulima mashamba ya Wazungu. Sisi tunaokumbuka simulizi za mababu juu ya mashamba ya wakoloni hatuhitaji kuelezwa sana. Alipougua saratani, akaamua kurudi kufia kule. Alikufa tarehe 18 mwezi wa tatu 1933, na miaka 60, akazikwa kando ya mto ule.

Kilichobaki kwetu

Picha za Sella na ramani za 1906 zina kazi kubwa leo. Kwa kuzilinganisha na hali ya sasa, watafiti wanaona ginsi barafu ilivyoisha. Mwaka 1906 barafu ilifunika karibu kilometre za mraba 7,5. Mwaka 2003 ilibaki karibu 1 tu. Maji ya Butahu, yanayotupatia umeme kule Mutwanga, yanatoka zaidi kwenye mvua na msitu, kwa hiyo mto hautakauka siku barafu itakapoisha. Lakini watoto wetu wanaweza kuinua macho siku moja wakakuta jiwe jeusi mahali pa nzururu.

Upande wetu pia una magide. Njia inaanzia Mutsora, katika paki ya Virunga, inapita nyumba za Kalonge, Mahangu na Kiondo mpaka kwenye barafu. Vita na mauaji katika teritwari ya Beni vimefunga njia hiyo mara nyingi, na watu wenye ufundi wa mlima wakarudi shambani, wengine wakakimbia kabisa mashamba yao. Kule Courmayeur, amani ndefu iliwezesha baba kumfundisha mwana mpaka leo. Kwetu mnyororo huo unakaribia kukatika.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa na babu ama mzee wa jirani aliyebeba mizigo ya wageni katika Ruwenzori, ama aliyesikia kwa baba yake habari za wapagazi wa zamani, usingoje kilio chake. Kaa naye jioni, muulize, andika jina, kijiji na mwaka. Duke ana vitabu vyake. Wetu wanatungoja sisi.